Acheni Kutumia Walemavu Kutuuzia AI

Kuna sentensi moja imenichosha: "AI itasaidia sana walemavu." Utaisikia kila mahali. Kampuni ikizindua programu mpya, lazima kwa vidio kuwe na mtu asiyeona amevaa hedifoni akitabasamu. Mkubwa akiulizwa mbona tunakimbilia hii kitu kabla hatujajipanga, ghafla anakumbuka nchi ina viziwi. Hata wasee wangu wa hapa mtaani, ambao hawajawahi kusukuma kiti cha magurudumu hata mara moja, wakiishiwa na hoja wanakutupia hiyo. Sasa nani atabishana na kitu kinachosaidia walemavu?

Mimi nitabishana. Ama tuseme nataka kuwatetea walemavu wenyewe wanaobishana, kwa sababu wako, na ni wengi kuliko mnavyodhani. Mtu mwenye ulemavu akisema "ngojeni kwanza, hii kitu siiamini," tunamwona mshamba. Tunamwambia atazoea. Hakuna anayemuuliza anajua nini ambacho sisi hatujui.

Tuelewane kidogo. Nikisema AI hapa namaanisha ile inayozalisha: unaiandikia, inakuandikia, unaiambia ichore, inachora. ChatGPT, Gemini na ndugu zao. Wenye Kiswahili sanifu wanaiita akili unde, wengine akili mnemba. Mtachagua.

Na kwa hiyo neno mshamba, wacha nianzie hapo hapo. Mimi ni wa Kapsoit, kwa barabara ya kutoka Kericho kwenda Kisumu. Sisi ni watu wa shamba kweli kweli, shamba la chai. Na mtu wa hapa hahitaji semina ya Nairobi kujua mashine ni nini.

Kwa miaka na miaka watu wa hapa walichuma majani kwa mikono, kikapu mgongoni, wameinama tangu asubuhi. Mgongo ukiisha, umeisha. Mamia ya wachumaji wa Kericho waliishtaki James Finlay Kenya mpaka Edinburgh, Scotland, wakisema hiyo kazi iliwaharibu migongo. Kampuni ikapinga. Miaka ikaenda watu wakibishana kwanza kesi isikilizwe wapi, huko ama Kenya. Fikiria wewe ndiye huyo mama, huwezi kuinua mtungi wa maji, na mawakili wanajadili ramani.

Halafu mashine za kuchuma zikaongezeka. Na ni kweli, mashine haiumwi mgongo. Ungeniuliza kwa karatasi, ningekuambia hiyo ni habari njema kwa migongo ya watu. Lakini aliyeumia mgongo hakupewa mashine aiendeshe. Alipewa njia ya kwenda nyumbani, pamoja na wenzake ambao migongo yao ilikuwa bado mizima. Mmoja wa wanakamati walioundwa na kaunti kuangalia hii mambo alisema Kericho peke yake imepoteza kazi 30,000 kwa mashine ndani ya miaka kumi. Mei 2023 hasira zikafika mwisho, watu wakachoma mashine tisa za kampuni ya Ekaterra. Sisemi kuchoma ni sawa. Nasema tu kwamba kamati ya kupendekeza mashine zichume kiasi gani na mikono kiasi gani ilikuja wakati mashine zilikuwa zishaingia shambani zamani.

Huo mpangilio ndio nataka mshike. Kazi inamvunja mtu. Kisha kinaletwa kifaa ambacho, ukisikiza maelezo yake, kingemsaidia huyo mtu. Kisha anayefaidika ni mwingine. Walemavu wameuona huu mchezo mara nyingi kuliko sisi sote, kwa hivyo wakinusa AI na kukunja pua, si ushamba. Ni kumbukumbu.

Haya, turudi kwa yule mtu wa hedifoni. Kuna programu inaitwa Be My Eyes. Ilianza 2015: mtu asiyeona anapiga simu ya vidio, mtu wa kujitolea mahali popote duniani anamwambia kile anachokiona. Kitu safi. Machi 2023 wakatangaza kuiunganisha na GPT-4, kwa hivyo sasa unapiga picha na mashine inakueleza. Watu wasioona wanaitumia na wengi wanaipenda, na sitajifanya siijui faida yake. Kuchagua shati, kusoma menyu, kujua barua imetoka wapi bila kuita jirani asome mambo yako ya siri. Hiyo ni heshima, si mchezo.

Lakini hizi mashine hukosea, na hukosea kwa ujasiri. Mara nyingi hazisemi "sina hakika." Zinakupea jibu limenyooka kama la mtu aliyeona kwa macho yake. Mimi nikidanganywa kuhusu picha, natazama picha. Nikidanganywa kuhusu dawa, nasoma chupa. Ukienda kwa ChatGPT utaona chini kabisa wameandika kwa herufi ndogo kwamba inaweza kukosea, ukague mambo muhimu. Kagua! Unamwambia mtu asiyeona akague kwa macho kile alichokuja kuuliza kwa sababu haoni. Kama angeweza kukagua, angekuwa ameuliza?

Kwa hivyo kosa lile lile halina bei moja. Kwangu ni kicheko, natengeneza kipande cha sekunde thelathini, napata watazamaji. Kwa mwingine ni vidonge viwili badala ya kimoja. Na anayelipa bei kubwa ndiye yule mnaweka kwa tangazo.

Ongeza lugha hapo. Kogo yangu macho yanaenda, na lugha anayoishi nayo ni Kipsigis. Nimejaribu kuiongelesha hii mashine Kipsigis. Inajibu bila aibu, na sentensi zingine hata mtoto wa darasa la kwanza hapa angecheka. Kwa hivyo mzee asiyeona wa Belgut, huo msaada wote mnaoimba kwake ni mlango uliochorwa ukutani.

Sasa viziwi. Hapa nina sababu ya kuwa na kichwa moto, nitawaambia mbele kidogo.

Lugha ya Ishara ya Kenya iko kwa katiba ya 2010, ibara ya 7. Ni lugha kamili. Ina sarufi yake, na sehemu kubwa ya hiyo sarufi iko usoni: nyusi zikipanda ni swali, mdomo ukikunjwa maana inageuka, bega likihama ni mtu mwingine anayeongea. Watu wengi wanadhani ni Kiingereza cha mikono. Na kwa hiyo dhana ndiyo wanatengeneza avata, kile kikatuni cha kompyuta kinachopunga mikono, wakituambia ukalimani umepatikana bei rahisi.

Viziwi hawakungoja ChatGPT ndio waanze kushuku. Mwaka 2018 shirikisho la viziwi duniani, pamoja na chama cha wakalimani wa lugha ya ishara duniani, walitoa tamko kuhusu hizi avata. Hawakusema zitupwe. Walisema zinaweza kufaa kwa ujumbe uliopangwa mapema, usiobadilika, kama matangazo ya stesheni. Lakini zisichukue nafasi ya mkalimani mtu, hasa pale mazungumzo yako moto moto. Soma hiyo tena: viziwi wenyewe walichora mstari, wakaeleza mpaka uko wapi. Tangu hapo ni nani kwa hao wenye avata ameusoma?

Na hapa kwetu hofu ina mizizi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003 iliviambia vituo vya televisheni viweke mkalimani ama maandishi ya chini kwa taarifa ya habari. Hiyo sheria imezeeka mpaka ikabadilishwa na nyingine 2025. Leo usiku washa televisheni, pita stesheni moja moja, uhesabu mwenyewe. Mtu ambaye kwa miaka zaidi ya ishirini ameona mkalimani akionekana kama gharama ya kukwepwa, unadhani anafikiria nini akisikia kuna kikatuni cha bure? Anajua kitakakopelekwa. Hakitaongezwa mahali hakukuwa na mkalimani. Kitawekwa mahali mkalimani alikuwa. Kisha kitaenda hospitali, kisha kortini. Daktari anakuuliza uchungu ulianza lini, kikatuni kinapunga, wewe unaangalia, na hakuna mtu kwa hicho chumba anaweza kuona usoni mwako kwamba hukuelewa.

Sababu ya kichwa moto ni hii. Binamu yangu ni kiziwi. Ni fundi wa nguo, mkali kuliko mafundi wote ninaowajua, na anatumia ChatGPT kila siku. Ndio, kila siku. Lugha yake ya kwanza ni ya ishara, Kiswahili na Kiingereza cha kuandika ni lugha za ugenini kwake, kwa hivyo anaitumia kujibu wateja ambao wakiona sentensi imekaa kando wanadhani ni mjinga. Mwaka jana alitaka kuomba kazi kwa kiwanda fulani cha nguo. Akaiandikia hiyo mashine mambo yake yote, pamoja na kwamba yeye ni kiziwi na anaomba atumiwe ujumbe, asipigiwe simu. Ikamrudishia barua tamu. Kiingereza cha suti na tai. Lakini ile sehemu ya kiziwi haikuwepo. Mahali pake kulikuwa na sentensi moja inasema ana uwezo mzuri sana wa mawasiliano.

Aliigundua kabla hajatuma. Akanionyesha simu, akanyoosha kidole kwa hiyo sentensi, kisha akafanya ishara moja ambayo nitaitafsiri hivi: imenifuta.

Mtasema ni bahati mbaya tu, angeiandikia tena. Aliiandikia tena, ikarekebisha. Swali langu ni kwa nini kitu cha kwanza ilichofanya ni kuficha. Haina chuki, ni mashine. Imekula maandishi yetu, mamilioni kwa mamilioni, na kwa maandishi yetu barua nzuri ya kazi ni ile ambayo hakuna ulemavu ndani yake. Ilimpatia kile sisi tumeifunza. Na si yeye peke yake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington huko Marekani walichapisha 2024: walichukua wasifu wa kazi wa mtu mmoja, wakaongeza tuzo na uanachama unaohusiana na ulemavu, kisha wakaiambia GPT-4 ipange nani anafaa zaidi. Ule wenye ulemavu ulishushwa mara nyingi, ingawa ulikuwa na tuzo zaidi. Mtu aliongeza ushindi kwa karatasi akashuka. Sasa fikiria ofisi za Nairobi zikianza kuchuja maombi ya kazi hivyo, na katiba ibara ya 54 inaongea kuhusu asilimia 5 ya nafasi. Utamshtaki nani? Meneja atasema ni kompyuta iliamua.

Picha ni hivyo hivyo. Iambie ichore mtu mwenye ulemavu, itakupea kiti cha magurudumu na uso wa huzuni. Mtafiti yeyote atakuambia ulemavu mwingi hauna kiti. Hiyo mashine haijui, kwa sababu sisi hatukujali kuandika.

Na kuna kitu kingine wenye hedifoni hawaweki kwa tangazo. Ile adabu ya ChatGPT, ile kutotukana, kutoandika uchafu, ilitoka wapi? Sehemu yake ilitoka Nairobi. Januari 2023 jarida la TIME liliandika kwamba OpenAI ilitumia wafanyikazi wa Kenya kupitia kampuni ya Sama, wakisoma na kuwekea alama maandishi ya kutisha, mateso, unyanyasaji wa watoto, mtu kujidhuru, ndio mashine ijue vitu vibaya vinafanana vipi. Mkataba ulikuwa wa dola 12.50 kwa saa. Mfanyikazi alifikiwa na kati ya dola 1.32 na dola 2. Julai mwaka huo baadhi yao wakapeleka ombi Bungeni.

Kando yao kuna kesi ya wale waliokagua machapisho ya Facebook, nao wakiwa chini ya Sama. Hiyo si AI ya kuzalisha, ni kazi jirani, lakini sikia. Desemba 2024 ilijulikana kwamba zaidi ya 140 kati yao walipimwa na kukutwa na kiwewe, ule ugonjwa wa akili unaobaki baada ya mtu kuona mambo mazito. Aliyewapima ni Dkt. Ian Kanyanya, mkuu wa huduma za afya ya akili pale Hospitali ya Kenyatta. Watu hawalali. Watu wameachwa na familia zao.

Hiyo inaitwa ulemavu, wasee. Ulemavu wa kisaikolojia, unatambuliwa kama ule wa mguu. Kwa hivyo unapokuja kuniambia hii teknolojia imeletwa kusaidia walemavu, uwe tayari pia kusema imetengeneza wangapi njiani. Mgongo wa mchumaji chai na kichwa cha kijana wa Nairobi ni hadithi moja, tofauti ni kiti tu.

Pesa nitapita haraka. ChatGPT Plus ya kulipia ni dola 20 kwa mwezi, zaidi ya shilingi 2,500. Pesa ya Inua Jamii, ile serikali hutuma kwa familia yenye mtu mwenye ulemavu mkubwa, ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Ikija. Bado hujanunua bando, bado hujanunua simu yenye kamera inayosoma. Niambieni hiyo AI nzuri imetengenezewa mlemavu gani.

Sasa niwageukie watu wangu, watengeneza kontenti. Hii ndiyo inanifanya niandike badala ya kurekodi, maana kwa vidio ningetaja mtu.

Mmeona zile picha. Mtoto hana miguu, amekaa kwa matope, ameshika keki, maandishi yanasema leo ni siku yangu ya kuzaliwa na hakuna aliyenitakia heri. Mama asiyeona amebeba mapacha. Mzee mwenye mkono mmoja amechonga gari la mbao. Hakuna hata mmoja wao aliyezaliwa. Ni AI. Na chini yake maelfu ya watu wanaandika Amina. Mwaka 2025 kulikuwa na wengine huko nje wakibandika sura ya watu wenye Down kwa miili ya wasichana ndio wauze vidio za uchi. Hapa kwetu hatujafika hapo, lakini hizo za keki najua angalau kurasa tatu za vijana wa hii kaunti zinazoishi kwa hizo.

Nimewauliza wawili. Jibu ni moja: "Si hakuna mtu anaumia, hata si mtu wa ukweli." Haya. Mtoto wa ukweli, yule anatumia magongo kwenda shule kwa hii barabara ya matope, amewahi kupata laiki ngapi? Yeye hapendezi. Anachoka, anakasirika, anataka njia ya kupitia pale kwa ngazi ya ofisi ya chifu, anauliza maswali. Yule wa AI hauliza kitu. Analia tu vizuri. Tumejitengenezea mlemavu asiye na madai, tukampenda kuliko jirani yetu. Halafu siku jirani akichangisha pesa za mguu bandia, watu wanasema, ah, hizo picha ni za AI.

Hapo mtu ameumia. Na mlikula pesa.

Najua itakayofuata: "Kwani unataka ipigwe marufuku? Binamu yako si anaitumia?" Anaitumia. Na haiamini. Hivyo vitu viwili vinakaa kwa mtu mmoja bila shida, vile unapanda matatu ambayo unajua breki zake ni za imani kwa sababu haina mwenzake mpaka jioni. Kutumia kitu kwa sababu ndicho kiko si kukipigia kura. Wengine huniambia niache mambo ya kompyuta kwa waliosoma, na kweli mimi chuo niliacha njiani. Lakini hili si swali la kompyuta. Wale ninaoongea nao hawaombi mashine zichomwe. Wanaomba vitu vya kawaida kabisa: waitwe kabla kitu hakijatengenezwa, si siku ya kupigwa picha. Walipwe wakifundisha mashine lugha yao. Mkalimani mtu abaki hospitalini na kortini. Na kikiharibika kitu, kuwe na binadamu mwenye jina na ofisi anayejibu.

Kwa hivyo natuma maswali wiki hii kwa kampuni zinazotengeneza avata za lugha ya ishara hapa Kenya. Matatu tu. Viziwi wangapi wanalipwa mshahara kwa timu yenu? Nani kiziwi ana uwezo wa kusema hapana na kazi isimame? Na wakalimani ambao vidio zao mlitumia kufundisha hiyo kitu, walijua? Majibu yakija nitayaweka hapa yote, na binamu yangu atayasoma kwa ishara kwa vidio, bila muziki. Wasiojibu nitaweka majina.

Na wewe mwenye ukurasa wa keki, unajijua. Futa.